Begi la Kilo Ishirini na Saba

Nyumba ilikuwa moja lakini mafundi walikuwa wawili. Mume alikuwa seremala. Mke alikuwa mshonaji. Chumba cha mbele walikigawana. Upande wa dirishani kulikaa cherehani, upande wa mlangoni kulikaa meza ya kupigia randa. Kila jioni mke alikung'uta vumbi la mbao kwenye nguo za wateja. Kila jioni mume alichomoa pini kwenye soli za viatu vyake. Walikuwa wameshazoeana.

Mtaani wote wawili walisifiwa kwa jambo moja: kazi zao hazikuharibika. Kwenye kiti cha Seremala ungeweza kumkalisha ng'ombe. Nguo ya Mshonaji ilichanika kitambaa kabla ya kufumuka mshono.

Katika miaka ishirini na minane ya ndoa walisafiri mara nyingi, lakini safari zote zilikuwa za harusi na misiba. Safari yao wenyewe, ya kujifurahisha, hawakuwa nayo hata moja. Walitamani kuvuka milima iliyoonekana kutoka dirishani. Ilikuwa njia ya siku tatu kwa miguu, watu wakilala kwenye hema, mpaka upande wa pili penye ziwa. Mwaka uliopita walijaribu. Hawakumaliza hata kilima cha kwanza. Seremala alikaa chini, akashika goti, akasema, "Goti limegoma." Wakarudi nyumbani.

Mwaka huu likizo ilipokaribia, Seremala alisema, "Tujaribu mara hii tu. Nikishindwa, basi. Tutaitazama milima dirishani mpaka tuzeeke."

Maneno hayo yalimchoma mkewe. Alimpeleka hospitali. Daktari alilikunja goti, akalikunjua, akalibonyeza huku na huku.

"Goti zima hili," alisema daktari. "Ulipanda mlima na mzigo gani?"

Seremala alimtupia mkewe jicho. "Mzigo wa kawaida tu, daktari."

Mshonaji aliliona jicho lile. Hakuelewa lilimaanisha nini, lakini aliporudi nyumbani hakuketi. Alikwenda kugonga mlango wa jirani.

Jirani huyo alikuwa mama wa makamo. Alifanya kazi posta, kwenye dirisha la vifurushi, na kutwa nzima alipima mizigo ya watu. Kwa hiyo mtaa ulimwita Mama Gramu, naye aliitika bila kinyongo. Kila likizo alipanda milima na begi dogo ambalo ungedhani ni la mtoto wa shule. Alimsikiliza Mshonaji mpaka mwisho.

"Jumamosi nitakuja na mizani," alisema.

Jumamosi asubuhi alikuja na mizani mbili, moja ya kuning'iniza na moja ndogo ya jikoni.

"Shemeji, pakia begi kama ulivyopakia mwaka jana," alisema. "Usifiche kitu."

Seremala alipakia, akafunga. Walilitundika begi kwenye mizani kubwa, na boriti ya dari ikalia.

"Kilo ishirini na saba," alisema Mama Gramu. "Na wewe una kilo ngapi?"

"Sitini na nane."

"Begi likiwa na kila kitu ndani, pamoja na maji na chakula, lisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wako. Kwako wewe ni kilo kumi na tatu na kitu. Umebeba mara mbili yake. Goti lako lina haki zote za kugoma."

Wakaanza kutoa vitu, kimoja kimoja. Mama Gramu alipima kila kitu na kuandika uzito wake kwenye karatasi.

Kwanza kilitoka kigoda. Seremala alikuwa amekichonga mwenyewe kwa mti mgumu.

"Hiki cha nini?"

"Cha kukalia."

"Kilo mbili na robo! Shemeji, huko mlimani mawe yameisha?"

Mshonaji aliangua kicheko. Seremala hakucheka. Alikitetea kigoda chake kama wakili, akisema mawe ni ya baridi na mtu anaweza kuugua mgongo. Hatimaye Mama Gramu alimwambia akae juu ya godoro lake jembamba la kulalia, likiwa limekunjwa. Kitu kimoja kikifanya kazi mbili, umepunguza kitu kimoja. Kigoda kikaenda chini ya meza.

Ikatoka nyundo. "Ya kupigilia vigingi vya hema."

"Okota jiwe."

Vikatoka vigingi vyenyewe, vya mbao, vinene kama mguu wa meza. Ikatoka mitungi ya maji, lita tano.

"Lita moja ya maji ni kilo moja," alisema Mama Gramu. "Njia ile ina chemchemi nne. Beba lita mbili, na dawa ya kusafishia maji. Ukifika chemchemi, jaza. Lakini uliza kwanza kwa walinzi wa msitu kama chemchemi zina maji mwaka huu. Zikiwa kavu, utabeba maji mengi na utaacha vingine."

Yakatoka makopo manane ya maharage. "Hapa umebeba bati na maji. Chukua dengu, shayiri na karanga. Vikiwa vikavu ni vyepesi, na shibe ni ile ile." Zikatoka suruali tatu nzito. "Moja ya kutembelea, moja ya kulalia. Mlimani hakuna wa kukukagua."

Seremala alianza kunogewa. Aliokota koti la mvua, akalitupa chini ya meza mwenyewe.

"Rudisha hilo!" Mama Gramu hakuwa na utani tena. "Kuna vitu havipunguzwi. Koti la mvua, sweta la joto, tochi, ramani, filimbi, dawa na bandeji, na chakula cha akiba cha siku moja. Tunapunguza uzito, hatupunguzi uhai. Mtu akilowa mlimani usiku, baridi inaweza kumuua."

Seremala alilirudisha koti polepole. Sasa begi lilikuwa tupu. Mama Gramu alinyoosha mkono kulichukua.

"Hilo liache," alisema Seremala haraka, akilivuta kwake. "Hilo si mzigo. Hilo ni begi."

"Begi ndilo la kupimwa kwanza, shemeji. Lenyewe, hema, na vya kulalia. Hapo ndipo uzito mwingi hujificha."

"Nimesema liache."

Mshonaji alimtazama mumewe. Lile jicho la hospitali lilikuwa limerudi. Begi hilo alilishona yeye, kwa wiki tatu, zawadi ya safari yao. Lilikuwa la turubai mara mbili, ngozi chini, mifuko kumi na mmoja na vifungo vya shaba. Alilichukua mikononi mwa mumewe na kulitundika mwenyewe.

Kilo nne na gramu mia mbili. Tupu.

Mama Gramu alijifanya anasoma karatasi yake.

"Ulijua?" aliuliza Mshonaji.

"Nilijua kabla hatujafika kona ya barabara," alisema Seremala.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulilishona wiki tatu. Ningekwambia nini?"

"Kwa hiyo ukalisingizia goti."

"Goti halina mdomo wa kujitetea."

Mshonaji alikasirika. Kisha aliona aibu. Kisha alikasirika tena, maana kwa mwaka mzima alikuwa amelikanda goti lile kwa maji ya moto kila Jumapili.

"Na maji yangu ya moto uliyapokea tu!"

"Yalikuwa matamu," alisema Seremala kwa sauti ndogo.

Mama Gramu alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika meza. Mshonaji alibana midomo, lakini kicheko kikamponyoka naye. Alipomaliza kucheka alifuta macho, akaenda kwenye kabati la vitambaa.

"Kitambaa cha makoti ya mvua kinafaa?" aliuliza.

"Hicho hasa," alisema Mama Gramu. "Turubai ni la kuezekea lori. Ongeza kitambaa mara mbili kwenye mabega na chini tu. Weka sponji kwenye mikanda ya mabegani, na mkanda mpana wa kiunoni. Kiuno kikishika uzito, mabega yanapumua."

Mshonaji alishona siku mbili. Begi jipya lilipimwa, likawa na kilo moja na gramu mia moja. Mkono wake ulikuwa umezoea. Bila kujijua, alikuwa ametia bitana ndani na mifuko sita nje. Alifumua bitana na mifuko minne. Iliuma kufumua mshono wake mzuri, lakini alifumua. Likabaki la gramu mia saba.

Mama Gramu aliwaazima hema lake jepesi. Seremala alichukua kitambaa cha hema, Mshonaji akachukua nguzo zake. Sufuria ilikuwa moja kwa wote wawili, na sabuni walikata kipande. Blanketi mbili nzito ziliachia nafasi mfuko mmoja wa kulalia kwa kila mtu. Wiki mbili kabla ya safari walizunguka mtaa kila jioni na mabegi yao yakiwa yamejaa, ili miguu na mikanda izoeane. Asubuhi ya safari, begi la Seremala lilikuwa na kilo kumi na robo, maji na chakula vikiwa ndani.

Kilima cha kwanza walikipita bila kusimama. Siku ya pili ilinyesha, wakavaa makoti, wakaendelea. Kila mteremko Mshonaji alimtazama mumewe miguuni. Alikuwa na hofu kwamba goti litagoma kweli safari hii, kwa kulipiza kisasi cha kusingiziwa.

Siku ya tatu, kabla ya saa sita mchana, Seremala alifika kwenye ukingo wa juu. Alisimama. Mshonaji alikazana, kifua kikiwaka moto, akidhani mumewe amechoka.

"Mke wangu, njoo uone!"

Chini kulikuwa na ziwa, pana, na mapaa ya bati kando yake. Mshonaji alivua begi lake, akaketi juu ya godoro lake lililokunjwa, akalia kidogo kwa furaha. Seremala hakuketi. Alitembea huku na huku akimwonyesha barabara, mashua na miti asiyoijua. Alieleza vile wangejenga nyumba pale, milango ingetazama wapi, na mbao zingetoka msitu gani. Nusu saa ilipita akiwa bado anaongea.

"Baba watoto, hebu vua begi basi upumzike," alisema Mshonaji.

"Begi gani?" aliuliza Seremala, kisha akapapasa mgongoni.