Goti la Mtanashati

Kwenye korido ya wodi ya mifupa, fundi cherehani alikutana na mwanamume aliyemchukiza kabla hajafungua kinywa. Kalala kwenye machela, goti limevimba, shati la kung'aa limeachwa vifungo wazi, manukato yanashindana na dawa ya sakafu.

"Mrembo, mbona macho hayabanduki? Nimekupendeza?"

"Umeziba njia. Shangazi yangu anapita."

Shangazi alikuwa ameteleza bafuni. Mtanashati, kama manesi walivyomwita, aliinua pikipiki kwa gurudumu moja ili wasichana wamwone. Wakamwona. Wote wawili walivunjika muundi, pale unapoungana na goti. Mifupa ya mzee, daktari alisema, huwa laini, kuanguka tu kunatosha. Mfupa wa kijana ni mgumu, ukiona umevunjika ujue kishindo kilikuwa kikubwa. Wakatiwa bamba la chuma na skrubu, wakakatazwa kuukanyagia mguu mpaka picha ionyeshe mfupa umeunga.

Shangazi alitii. Mtanashati alicheka.

Hata hivyo alijua kuongea; akaomba namba ya simu mpaka akapewa, na fundi, kwa aibu yake mwenyewe, alianza kuisubiri simu yake.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe umeacha kujisifu?"

"Nikiacha utanipendea nini?"

Akaahidi kuja Jumamosi kujitambulisha kwa shangazi. Fundi akavaa gauni la zambarau alilojishonea mwenyewe, akapika, akangoja. Hakuja mtu. Simu ikaita mpaka ikachoka. Kumbe ndivyo walivyo wanaume, akasema moyoni, na akalia kwa hasira, kwa kuwa alikuwa amempenda kweli.

Siku ya kliniki ya shangazi akamkuta korido ile ile, goti limefungwa upya.

"Nilikuwa nakuja kwako," alisema bila kumtazama. "Nikayaacha magongo kwenye teksi. Majirani zako wangenionaje? Nikaanza kupanda ngazi zako kwa miguu yangu. Ngazi ya tatu tu bamba likahama, teksi ikanirudisha hospitali. Wamenipasua tena."

Pengine mwanamke mwingine angelainika. Fundi alisonya.

"Unadhani nitalia? Umeharibu kazi ya daktari ili majirani wasikucheke! Bibi wa miaka sabini ana akili ya kutembelea magongo, wewe huna!"

"Niliona aibu. Simu nilishindwa kupokea."

"Aibu ndiyo uliyoichumbia, basi. Kaoane nayo."

"Nataka kukuoa wewe."

Moyo ulimruka, lakini uso haukuonyesha. "Mume asiyesikia la daktari, langu atalisikia? Jumamosi. Uje na magongo yote mawili, mchana, watu wakiwa barazani."

"Watanicheka!"

"Watakucheka. Na mimi nitawaongoza."

Jumamosi akaja na magongo yote mawili. Suruali imekatwa mguu mmoja, jasho linamtiririka, anaruka hatua kwa hatua kama kunguru. Baraza zima lilimcheka, na fundi, aliyesimama juu ya ngazi, alicheka kuliko wote. Mtanashati akainamisha kichwa, akasimama chini pale pale, mguu ukining'inia bila kugusa ardhi.

"Daktari kakataza ngazi," alisema mbele yao wote. "Siwezi kupanda. Ninakuomba ushuke."

Fundi akaacha kucheka. Akashuka.

"Mkubali upesi," shangazi alipiga kelele dirishani, "kabla hajajifunza tena kukimbia!"

"Nimeshamkubali, shangazi," akasema, akamfuta jasho usoni kwa upindo wa gauni.