Jeptoo Auliza Kuhusu Bwawa

Kila asubuhi Jeptoo alichemsha maji. Alijaza sufuria kubwa, akaibandika jikoni, akatazama saa. Dakika ishirini kamili. Ndivyo mama yake alivyomfundisha kule Nandi, na ndivyo alivyofanya hapa, katika kitongoji kidogo kaskazini mwa Minneapolis, Marekani. Kwa maji hayo alimkorogea maziwa ya unga mtoto wake Lenny, aliyekuwa na miezi saba.

Nyumba yao ya kupanga ilikuwa pembeni kabisa mwa kitongoji. Mabomba ya mji yalikuwa hayajafika mtaani kwao, kwa hiyo walitumia maji ya kisima kilichokuwa nyuma ya nyumba. Ng'ambo ya barabara, juu ya kilima, kulikuwa na kiwanda cha kusafisha vyuma. Kilikuwa kimefungwa miaka mingi, na hakuna aliyekijali.

Mwezi wa Juni, mwaka wa 1996, ilikuja barua kutoka ofisi ya mji. Naftali, mumewe, aliisoma akiwa bado na sare yake ya kazi. Alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee.

"Wamepata kemikali kwenye visima vya huku kwetu," alisema. "Wanasema tusinywe maji."

"Hiyo ni barua ya wanaokunywa maji mabichi," Jeptoo alijibu. "Sisi tunachemsha."

Naftali alicheka. Barua ikawekwa juu ya friji. Lakini Jeptoo hakuwa mtu wa kubahatisha. Tangu siku hiyo alichemsha maji kwa nusu saa.

Jumamosi alikuja Rahab, rafiki yao wa kanisani. Rahab alifanya kazi katika maabara ya kupima maji huko Saint Paul. Alikuta madirisha ya jikoni yakitiririka kwa mvuke.

"Mama Lenny, unapika nini? Ng'ombe mzima?"

"Nachemsha maji ya mtoto. Kuna kemikali kwenye kisima."

Rahab alizima jiko bila kuomba ruhusa. Akafungua dirisha.

"Mbona unazima?" Jeptoo aliuliza.

"Niambie kwanza. Kule kwenu kuna josho la kuogeshea ng'ombe?"

"Lipo. Ile dawa ya kupe ni kali sana."

"Mnachota maji ya kunywa chini ya josho?"

"Hata siku moja! Dawa huteremka na maji."

"Na mkiyachemsha?"

Jeptoo aliitazama sufuria. Hakuwa amewahi kujiuliza hilo.

"Kuchemsha huua vijidudu," Rahab alisema. "Mama yako alikufundisha vizuri. Lakini kemikali haina uhai. Haiuawi na moto."

"Basi inakwenda wapi?"

"Ukichemsha tangawizi ya chai, nani anasikia harufu?"

"Nyumba nzima."

"Hii nayo ni hivyo hivyo. Ni dawa ya kuondolea grisi kwenye vyuma, imetoka kile kiwanda cha kilimani. Nyingine inabaki kwenye maji. Nyingine inapanda na mvuke, mnaivuta humu ndani, wewe na mtoto."

Jeptoo aliona aibu, kisha akaingiwa na hofu. Alimkumbatia Lenny kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. "Nimemdhuru mwanangu?"

"Hatujui bado. Jumatatu mpeleke kliniki, umweleze daktari kila kitu. Kuanzia leo, kunywa na kupika ni maji ya chupa, au mchukue yanayogawiwa bure kituo cha zimamoto. Mkioga, fungueni dirisha. Nami nitapima kisima chenu."

Rahab aliichukua barua akaisoma mpaka mwisho. Huko mwisho Naftali hakuwa amefika. Iliandikwa kwamba Jumanne baraza la mji lingekutana. Mwaka huo fedha zilitosha kazi moja tu. Kazi ya kwanza ilikuwa kusafisha udongo wa kiwandani na kuleta mabomba mtaani kwao. Ya pili ilikuwa kuweka pampu ya kuvuta maji ya mvua kutoka bwawa la mji yanakokusanyika, yatumike tena kumwagilia nyasi za uwanja wa besiboli.

"Kumwagilia nyasi?" Jeptoo alishangaa. "Ng'ombe wenyewe wako wapi?"

Rahab alicheka sana. "Usidharau. Sasa hivi nyasi zinakunywa maji safi ya kunywa. Kutumia tena maji ya mvua ni akiba nzuri."

"Basi nitakwenda niwasikilize."

"Tutasema nini sisi kwenye hiyo meeting?" Naftali aliuliza akitoka chumbani. "Hata green card hatuna, Mama Lenny."

"Kuuliza si ujinga," Jeptoo alisema. "Maji tunakunywa bila green card."

Jumanne walikwenda wote. Kila aliyetaka kusema aliandika jina, akapewa dakika tatu. Jirani yao mzee, Alfred, alipiga meza kwa hasira. Kisima chake kilikuwa kibaya kuliko vyote. Diwani Margaret alitaka pampu.

"Kusafisha ni kazi ya miaka," alisema. "Pampu itafanya kazi mwakani."

Jina la Jeptoo likaitwa. Alisimama.

"Mimi nina swali tu," alisema. "Mvua inapita wapi kabla ya kuingia bwawani?"

Margaret aligeukia ramani ukutani. Alifuata mstari kwa kidole, polepole, kutoka bwawani hadi kilimani. Kidole kikasimama kiwandani.

"Kwetu," Jeptoo aliendelea, "maji yanayotoka kwenye josho hatuyachoti, wala watoto hawayachezei. Bwawa limepimwa?"

Injinia wa mji alikohoa. "Hapana," alisema. "Tulipima visima tu."

Kura iliahirishwa. Bwawa likapimwa, na baada ya wiki tatu majibu yakaja. Kemikali ilikuwemo. Pampu ingeirusha juu ya uwanja ambako watoto hucheza kila jioni.

Margaret mwenyewe ndiye aliyependekeza mabadiliko. Udongo usafishwe na mabomba yaletwe kwanza. Pampu isubiri mpaka bwawa liwe salama. Madiwani wote waliinua mikono. Alfred alilia waziwazi, hakujificha.

Daktari alimpima Lenny mara mbili, hakuona tatizo. Akasema waendelee kumleta apimwe. Vipimo vya Rahab navyo vilionyesha kemikali, na kisima kikafungwa.

Mwezi wa Oktoba bomba lilifika. Fundi alimpa Jeptoo karatasi ya vipimo, akaanza kukusanya vyombo vyake. Jeptoo hakumruhusu kuondoka. Maji yanatoka wapi? Nani anayapima? Kila baada ya muda gani? Fundi aliketi kwenye ngazi, akajibu yote. Ndipo Jeptoo alipofungua bomba, akajaza kikombe, akaonja yeye kwanza. Kisha akampa Lenny. Lenny alikunywa yote, akanyoosha kikombe aongezwe.