Pini Iliyobaki Kifunikoni

Haya niliambiwa na dada yangu mkubwa, mama mzazi wa binti nitakayemsimulia, wakati wa jua kali la mwaka jana, tumekaa tunakunja nguo. Alicheka mpaka akalowesha shuka safi kwa machozi.

Ilianza Jumamosi mchana, kwenye maegesho ya ukumbi wa harusi, magari yamebanana, wapambaji wanapishana na maua. Binti, mwokaji wa keki, gauni la njano na aproni juu yake, alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa kigari chake akaduwaa. Keki ya ngazi tatu imeegemea ubavu, ina ufa kama ukuta wa tope.

"Ya tatu mwezi huu," alijisemea. "Sijui mayai, sijui unga."

"Mayai hayana kosa, dada."

Aliyesema alikuwa fundi magari, amekuja kumshusha mjomba wake. Shati jeupe limepigwa pasi, lakini kucha zina ule weusi usiotoka kwa sabuni.

"Na wewe nani, mpishi?"

"Fundi. Nimekusikia ukiingia. Mbele kulia kunagonga, ko, ko. Usukani hautetemeki?"

"Unatetemeka mpaka bangili zinalia."

Fundi akapiga jeki, akashika tairi kushoto na kulia, akalitikisa. Likacheza kama jino bovu.

"Tairodi hii. Ndiyo inayounganisha usukani na tairi. Mpira wake umechanika, grisi imetoka, mchanga umeingia. Siku moja wewe utakata kona, tairi litaenda kwao. Niletee Jumatatu."

Kisha akanawa mikono, akaishikilia keki iliyoinama huku binti akiziba ufa kwa krimu. Krimu nyingine iliishia kwenye shati jeupe, na hakuna aliyeomba radhi.

Jumatatu alibadilisha ya kulia. Ya kushoto akasema bado ina uhai, wataitazama baada ya miezi miwili. Lakini simu hazikungoja miezi miwili.

"Keki yangu, umeamkaje?"

"Na unga puani. Wewe, mpenzi?"

"Mimi nina grisi sikioni, kwa hiyo sema kwa nguvu kwamba unanipenda."

"Nenda zako huko!"

Kikwazo kilikuwa mama. Zamani kuna fundi alimzungusha miezi mitano kwa neno moja tu, kesho. "Mafundi wote waongo," alisema. "Huyo wako kama mkweli, aje Jumapili anitazame usoni."

Miezi miwili ikatimia, na Ijumaa asubuhi binti akapeleka gari libadilishwe tairodi ya kushoto. Alichuchumaa pale gereji na gauni lake la buluu. Alichoona ni miguu miwili tu ikitokeza chini ya gari.

"Mama anataka jibu. Jumapili unakuja au huji?"

Chini ya gari spana ikaendelea kulia.

Kumbe mwenzie anahesabu. Ukifungua tairodi ya zamani unahesabu mizunguko yake, ili mpya iingie kwa idadi ileile. Ukikosea, tairi linatazama pembeni. Na fundi huyu akihesabu, hata nyumba iungue hasikii.

"Nakuuliza! Unakuja?"

Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu.

"Basi nimeelewa."

Alipotoka chini, kumi na saba yake iko salama kichwani, akatabasamu. "Ulisema nini, laazizi?"

"Sikusema kitu. Maliza, nina keki ya kupeleka mbali."

Aliiona sura imebadilika, asijue kwa nini. Akaifunga tairodi mpya, akakaza nati, roho haipo, binti amemsimamia huku anapigapiga kiatu chini. Tairi likarudi, gari likaondoka bila kwaheri, likapita kumchukua mama.

Fundi akaanza kukusanya vifaa vyake. Ndani ya kifuniko cha kopo la grisi akaona pini, nyembamba kama ya nywele, mpya kabisa. Ile inayopenya kwenye bolti kuizuia nati isijifungue. Ya tairi la kushoto alikuwa hajaitia.

Akapiga simu. Ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Ya tatu ikawa imezimwa.

Namba ya mama alikuwa nayo, tangu siku mama alipompigia kuuliza gari litatoka lini. Kumwambia huyu mama, kati ya watu wote, kwamba amekosea, ni kuizika Jumapili kwa mikono yake mwenyewe. Akabonyeza.

"Mama, shikamoo. Ni fundi."

"Marahaba. Mwanangu hataki kuongea na wewe."

"Siongei naye, naongea na wewe. Nimekosea, mama. Nimesahau pini kwenye tairi la kushoto. Mwambie apunguze mwendo, asimame pembeni. Msisogee hata hatua, nakuja."

Upande wa pili akasikia, "Simamisha gari. Simamisha, nimesema!"

Aliwakuta nje ya kituo cha mafuta alichoelekezwa na mama, yuko juu ya pikipiki ya kuazima, pini mfukoni. Akaingia chini ya gari na ovaroli lake. Nati ilikuwa imeshaanza kulegea. Akaikaza, akapenyeza pini, akaikunja ncha zote mbili, akamwita mama mtu ainame aione.

"Fundi mzima unasahauje?" mama akauliza.

"Nilikuwa nahesabu mizunguko. Nilipotoka nikamkuta amekasirika, akili ikaondoka naye."

Binti akashika mdomo. "Ulikuwa unahesabu?"

"Mpaka kumi na saba. Sauti yako niliisikia, maneno hayakuingia."

Mama akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. Maisha yake yote, alisema baadaye, hakuwahi kupigiwa simu na fundi kuambiwa nimekosea. "Muulize tena," akamwambia binti yake. "Sasa hivi hahesabu."

"Jumapili unakuja?"

"Nakuja. Na siji peke yangu, nakuja na mjomba wangu na baba, waje waseme wao."

Binti akageukia dirisha la gari, akajifanya anaitazama keki.

"Saa ngapi?" mama akadakia. "Na usithubutu kuniambia kesho."

"Saa nne, mama."

Wakaondoka, fundi nyuma na pikipiki. Keki ilifika imesimama wima. Wakati wa kurudi usukani ulikuwa umetulia, binti anaimba chinichini, na mama, ambaye ndani ya gari lile hakuwahi kuachia kishikio cha mlango, mkono ukateleza ukaangukia mapajani. Yeye mpaka leo anaapa alifumba macho tu. Binti anasema alikoroma mpaka mlangoni kwao.