Mwenye Sehemu ya Pili

Mvua ya mji wa Baraka haibishi hodi. Siku hiyo ya soko ilishuka kwa kishindo juu ya mihogo, juu ya vitenge, juu ya masinia ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, na watu wakakimbilia paa lililokuwa karibu. Paa lenyewe lilikuwa la sinema ya Papa Bonaventure.

Émilienne Asende alisita mlangoni, beseni la ndagala kichwani. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na katika kanisa lake mwimbaji hakanyagi sinema. "Ee Bwana," aliomba moyoni, "mvua ni yako, na ndagala hawa wamekauka kwa jua lako. Unisaidie." Rafiki yake Alida Nijimbere, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda aliyekuja kuuza maharagwe, akamsukuma mgongoni.

"Ingia, yaya, dada yangu! Hata hapa inje Mungu anakuona."

Ndani kulinuka nguo mbichi na mafuta ya jenereta. Mbele, kando ya televisheni, alisimama mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakata kama wembe, kipaza sauti mkononi. Huyo alikuwa Anatole, mtafsiri wa filamu. Kazi yake ilikuwa kuzisema filamu za kigeni kwa Kiswahili, akitoa sauti ya bwana, ya bibi, hata ya farasi. Siku hiyo ilikuwa filamu ya zamani ya mpanda farasi aliyeokoa kijiji, akakataa shukrani zote, kisha akaondoka peke yake kuelekea milimani.

"Ni mwisho, bandugu," Anatole akatangaza. "Shujaa amekwenda."

"Amekwenda wapi?" Émilienne aliuliza kabla hajajizuia. "Muntu haendi tu hivi. Hana maji, hana hata kihogo."

Watu wakageuka. Mvua ilikuwa bado inapiga mabati, na hakuna aliyetaka kutoka.

"Basi, mama wa ndagala," Anatole akasema akitabasamu, "tuambie we. Alifika wapi?"

Émilienne akashusha beseni. "Alifika Mboko, hapa jirani. Farasi amechoka, ulimi inje. Bamama bakamuzunguka, moja akauliza: 'Papa, hii nyama unauzisha yote, ao unakata?' Akakasirika: 'Mi ni shujaa!' Bakamujibu: 'Shujaa, ni vizuri. Mihogo yetu iko mu maji tangu juzi. Kuja utoe.' Mpaka leo iko anatwanga. Adui zake bakikuja kumutafuta na bunduki, anabaambia: 'Mungojee kidogo, unga haiyaisha.'"

Sinema nzima ilicheka hadi mabenchi yakalia. Papa Bonaventure, aliyekuwa mlangoni akikusanya viingilio, alijifuta machozi kwa kofia. Mvua ilipokatika, Anatole alimfuata Émilienne mpaka kwenye meza yake sokoni.

"Dada, uko na kichwa! Nipe namba yako."

"Namba ya nini? Ya ndagala?"

"Ya kichwa."

Alida akajibu kwa niaba yake, akitaja namba moja moja kwa sauti kubwa. Émilienne alimfinya, lakini hakukanusha hata tarakimu moja.

Tangu hapo simu ililia kila alasiri.

"Sheri wa ndagala, leo tuko na ile ya karate. Mwanafunzi analipiza kisasi cha mwalimu wake. Kisha?"

"Nani sheri, nani mpenzi? Sijakupa ruhusa. Na huyo mwalimu hakukufa."

"Hakukufa?"

"Alizimia tu. Anaamuka mu matanga yake mwenyewe, anauliza: 'Nani alikula mbuzi zangu?' Sasa mwanafunzi lazima apite nyumba kwa nyumba, kwa bote alibapiga, na kuku mukononi, kuomba musamaha. Na moja anamwambia: 'Kuku haitoshe, uliniangusha meno mbili.'"

Anatole alicheka mpaka inite za simu zikamwishia. Akanunua nyingine, akapiga tena, ili amalizie kucheka akiwa naye.

Na ile ya zamani ya dubwana la baharini lililomeza meli? Émilienne alilileta katika ziwa la Tanganyika. Wavuvi wakaliwashia taa, nalo likaifuata taa kwa ujinga uleule wa ndagala, likaanikwa mchangani kiangazi kizima lisikauke, na wanawake wakagombana nani achukue kichwa. Anatole alikuja sokoni kumpongeza akiwa na samaki mukeke wa kuchoma katika jani la mgomba. Walimla pamoja kwa vidole. Émilienne alikuwa amevaa kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano, na Anatole, mwenye maneno ya kila mhusika, akaacha kula, akamtazama.

"Mbona unaniangalia tu?" Émilienne akauliza.

"Ninatafuta sauti ya kusemea."

Siku zikaenda, sinema ikafurika. Watu walishuka hata kutoka Fizi, juu kule mlimani, kwa sababu ya zile "sehemu za pili" alizozisimulia Anatole kila filamu ilipoisha. Émilienne alisikia vicheko vikivuka ukuta hadi kwenye meza yake, na moyo wake ukanenepa. Hivyo vilikuwa vicheko vyake, alivyovipika mwenyewe kama mtu apikavyo sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Kisha akaja mnunuzi mmoja, mama wa Fizi mwenye miwani, na huku akipimiwa ndagala akaanza kusimulia jinsi mwalimu wa karate alivyoamka matangani.

"Huyo Anatole anatunga vitu! Mungu alimujalia."

Émilienne alishusha kikombe cha kupimia. "Mama, hiyo ni yangu. Ni mimi nilimupa."

Yule mama alimwangalia, akaangalia ndagala, akamwangalia tena. Akacheka kwa upole, na upole huo uliuma kuliko tusi. "Haya, mwanangu. Niongezee kidogo."

Jioni hiyohiyo Émilienne alipiga simu yeye mwenyewe.

"Anatole, jina yangu unalisemaka wakati gani?"

Anatole akaanza kumtajia filamu ya kesho.

"Nakuuliza. Katika ile maiki yako, ulishataja Émilienne hata mara moja?"

"Sheri, ngoja nikueleze..."

"Unanionea haya. Mushati yako ya pasi haiwezi kusimama karibu na harufu ya ndagala. Basi, ubaki na pasi yako."

Akakata. Simu ikalia, hakupokea. Ikalia tena, akampa Alida aikalie juu ya gunia la maharagwe.

Kesho yake, soko likiwa limejaa, Anatole akaja kwa miguu. Shati halikuwa na pasi.

"Mwaka jana," alisema akiwa amesimama katikati ya mabeseni na masinia, "mwimbaji mwenzenu aliingia sinema kumutafuta bwana yake. Dakika tu. Kanisa ikamutoa mu kwaya. Nilikusikia ukiimba, Émilienne. Mi si muntu wa kanisa, lakini nilisimama ku barabara mpaka wimbo ikaisha. Nikasema, kama nikitaja jina yako ku sinema, siku ya Mungu, Jumapili itakayofuata, banakutoa. Ndiyo nikanyamaza."

Hasira ya Émilienne ilikosa mahali pa kukaa, ikahama, ikapata mahali pengine.

"Ukanyamaza. Na mi uliniuliza?"

"Hapana."

"Jina ni langu, kwaya ni yangu. Ukaketi peke yako ukachagua kipi nibaki nacho."

Anatole akainamisha kichwa. "Nilikosa, Émilienne."

"Ulikosa. Sasa nenda, niko na kazi ya kusali."

Alisali kweli. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamwambia Mungu kila kitu, hata habari ya yule farasi, na alipofika kwenye farasi akajikuta anacheka mbele za Bwana. Hakusikia kwamba Bwana amekasirika. Akainuka akijua la kufanya.

Alivaa sare ya kwaya, nyeupe yenye ukosi wa zambarau, akaenda mbele ya wazee wa kanisa bila kuitwa.

"Hadithi zile za sinema ni za kwangu," aliwaambia. "Mara ya kwanza niliingizwa na mvua. Lakini nikaendelea kuzitunga kwa akili yangu yote, na Jumamosi hii nitaenda kuzisema kwa mdomo wangu. Ndani hakuna tusi, hakuna uchafu. Sikutaka muzisikie njiani."

Mzee Déogratias, mwenyekiti wao, alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji. Wajukuu wake walikuwa wamezileta hadithi hizo nyumbani zamani.

"Huyo mwalimu," akauliza, "mbuzi wake... alilipwa?"

"Bado, baba. Wako kwenye mazungumzo."

Wazee wawili wakaziba midomo. Lakini sheria ni sheria, na Mzee Déogratias hakuwa mtu wa kuivunja kwa sababu amecheka. "Utakaa inje ya kwaya mpaka Pasaka. Na jina lako litasomwa mbele ya kanisa."

"Lisomwe vizuri," Émilienne akasema. "Émilienne Asende."

Jumamosi, kama alivyomwambia Anatole kwa simu, alipanda mbele ya watu sinemani, kitenge cha buluu kikiwaka. Anatole alimpa kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa maji ya kunawa, kisha akatangaza: "Sehemu zote za pili mulizocheka hapa, mwenyewe ndiye huyu. Mi nilikuwa mdomo tu." Akaenda kuketi chini, kwenye mkeka, pamoja na watu. Mama wa Fizi mwenye miwani alikuwa benchi la kwanza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Siku ya Mungu kanisa lilijaa hadi madirishani, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Kabla ya mahubiri, katibu akasimama, akasoma: "Aliyewekwa chini ya nidhamu: Émilienne Asende, kwa kutunga hadithi za sinema."

Desturi ilimtaka aliyetajwa asimame. Émilienne alisimama. Wengine husimama wakitazama vidole vya miguu. Yeye alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa kupokea zawadi, kidevu juu, mikono imetulia.

Upande wa wanaume benchi likalia. Anatole alikuwa amesimama pia, katika koti la kuazima lililomwishia juu ya viganja.

"Wewe, ndugu," katibu akasema, "hukutajwa."

"Najua, papa. Siku zote ni yeye hakutajwa, na mi nikakaa. Leo nasimama."

Katibu akamtazama Mzee Déogratias. Mzee akatazama paa, kisha akasema polepole, "Mwacheni asimame. Miguu ni yake."

Walisimama hivyo, kila mmoja upande wake, mpaka kwaya ikamaliza wimbo wa kwanza.

Nje, chini ya jua kali, Alida alijifanya anafunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba. Anatole hakunong'ona. Alisema kwa sauti ya sinema, mbele ya wazee, waimbaji na akina mama waliokuwa wakifunga vitabu vya nyimbo:

"Émilienne Asende, nikikuuliza leo, si nikuchagulie, ni kukuuliza: utakubali nikuoe?"

Émilienne alimwacha asubiri. Alipanga kitambaa chake cha kichwa, akavuta mkono wa lile koti fupi, akautazama.

"Nitakubali," alisema. "Lakini siku ile uvae koti yako mwenyewe. Mi siolewi na bega la muntu mwingine."