Gari la Shemeji Linachemsha

"Kumi na Nne, upo hewani?"

"Nipo, Shangazi."

"Mzigo umeingia barabarani. Gari halijulikani. Mnunuzi anasubiri hoteli ya uwanja wa ndege, anaruka saa tisa. Kaa macho."

"Sawa."

Redio ya Motorola ikanyamaza. Ilikuwa saa tano na dakika kumi asubuhi.

Mzigo wenyewe ulikuwa mabamba sita ya chuma, kila moja saizi ya daftari, yaliyoibwa katika kiwanda cha serikali kinachochapa pasipoti. Mnunuzi alikuwa mgeni mwenye jeshi lake dogo, na alitaka watu wake wavuke mipaka kwa majina ya kuazima. Mabamba yakipanda ndege, kazi imekwisha.

Kumi na Nne aliisukuma redio chini ya matambara yenye grisi. Miaka tisa Idara ya ujasusi ilikuwa imempandikiza katika gereji hii kando ya barabara ya uwanja wa ndege, na miaka tisa ukoo mzima ulimjua kuwa ni fundi. Kwenye harusi walimkagua kucha kabla ya kumpa sahani. Hata jina lake la kazi lilitoka kwenye spana ya namba kumi na nne; alimpa Shangazi, mkuu wa Idara.

Simu yake ya kawaida ikaita.

"Shemeji! Gari linachemsha!"

Alikuwa mume wa mdogo wake wa kike. Nyuma yake honi zilikuwa zikigombana.

"Uko wapi?"

"Kwenye foleni, karibu na mzunguko. Likitembea, mshale unashuka. Likisimama tu, unapanda!"

"Weka pembeni, zima. Usifungue mfuniko wa rejeta, utababuka uso."

"Fanya haraka basi. Kuna mtu namuwahi."

Kumi na Nne alitia redio kwenye mkoba wa zana, akautupa kwenye pikipiki yake ya Yamaha. Bastola ya Glock ilikuwa chini ya spana, imefungwa kwenye soksi. Mzunguko ulikuwa kwenye barabara ile ile aliyopangiwa kuilinda, kwa hiyo hakuwa anaikimbia kazi. Alipenya katikati ya magari na kufika kwa dakika sita.

Corolla ya rangi ya fedha ilikuwa imeegeshwa pembeni. Shemeji alikuwa amesimama kando yake, shati limemganda mgongoni.

"Washa."

Gari likawaka. Feni ya rejeta ikaanza kuzunguka bila kusitasita.

Gari linalochemsha likisimama na kupoa likikimbia lina shida ya upepo. Maji hayana kosa. Hilo mwanagenzi hulijua wiki ya kwanza. Ila kwa kawaida mkosaji ni feni, na hii feni ilikuwa nzima.

Akachomoa kipimajoto cha Bosch, kile chenye umbo la bastola. Shemeji akainua mikono juu.

"Usinilipue, mke wangu ana mimba!"

Wakacheka wote wawili. Kumi na Nne alicheka kwa sababu zamu yake ya kucheka ilikuwa imefika.

Akapima rejeta juu, chini, kushoto, kulia. Joto lilikuwa sawasawa. Maji yalikuwa yanapita vizuri.

Akachana ukurasa wa gazeti na kuuweka mbele ya gari, juu ya wavu. Feni ikivuta upepo, karatasi hunata pale yenyewe, huhitaji kuishika.

Karatasi ikaanguka.

Akaiokota, akaiweka tena. Ikaanguka tena.

Akainama na tochi. Katikati ya rejeta na ile rejeta ndogo ya AC pana nafasi ya vidole viwili. Nafasi hiyo ilikuwa imejaa. Akaona utepe wa kaki na kona ya chuma.

Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine kinakuita shemeji.

Kumi na Nne alisubiri kushtuka. Hakushtuka. Ilikuwa kama kusoma barua iliyoandikiwa jirani.

Bado palikuwa na tundu moja la kutokea. Watu huficha vitu kwenye magari ya wasiojua kitu. Mdogo wake alikuwa na mimba ya miezi saba, na Kumi na Nne alitaka mtu huyu awe hajui. Alitaka hivyo kwa akili, maana moyo wake haukuwa umesema lolote.

Kisha akaona boliti mbili zinazong'aa mahali inapokaa thamostati, kile kimlango kinachoyazuia maji mpaka injini ipate joto. Akabonyeza silikoni ya kuzibia kwa ukucha. Bado ilikuwa laini.

"Nani kafungua hapa?"

"Aa, hapo. Jana nilimwambia fundi mmoja aitoe hiyo thamostati. Si wanasema ukiitoa gari halichemshi?"

"Jana lilikuwa linachemsha?"

"Hapana. Tahadhari tu, shemeji."

Mafundi wa vichochoroni wanaiamini dawa hiyo, ingawa mbele ya rejeta iliyozibwa haifui dafu. Lakini hakuna anayelitibu gari lisilo na ugonjwa. Mtu huyu alijua tangu jana kwamba leo rejeta itazibwa.

Kumi na Nne alijifuta mikono taratibu.

"Shemeji, mimi ni kaka wa mkeo. Kama kuna jambo, niambie sasa hivi. Sasa hivi naweza kukusaidia."

Shemeji alitazama saa yake ya Casio.

"Jambo gani? We ongeza maji, mi niondoke."

"Basi kanunue kulanti, yale maji ya rejeta, kwenye sheli ile pale. Lita mbili."

Shemeji akatoka mbio.

Boliti mbili za namba kumi. Rejeta ikalazwa kidogo nyuma. Koleo ikavuta bamba la kwanza, la pili, yote sita, yakaingia kwenye mkoba wa zana. Rejeta ikarudi, boliti zikakazwa. Dakika saba.

Shemeji aliporudi anahema, injini ilikuwa inanguruma kwa upole na mshale umekaa katikati.

"Umefanyaje?"

"Nimetoa uchafu mbele ya rejeta."

"Uchafu gani?"

"Majani. Karatasi. Nimeuona kwa juu juu tu."

Macho ya Shemeji yalishuka kwenye wavu, yakapanda, yakashuka tena. Alitaka kuinama akague. Lakini angeinama vipi mbele ya fundi?

"Mungu akubariki," akasema, akaingia garini.

Kumi na Nne akashika redio.

"Shangazi, mabamba ninayo. Corolla ya fedha inakwenda kwa mnunuzi. Waacheni wakutane, muwabebe wote."

"Safi. Dereva unamjua?"

Magari matatu yakapita.

"Mume wa mdogo wangu."

Shangazi akashusha sauti.

"Kumi na Nne, sikiliza. Huenda alitumiwa tu. Nikiandika hivyo, hakuna atakayeuliza. Alijua?"

"Alijua."

Saa sita na nusu sauti ya Shangazi ilirudi redioni. Shemeji na mnunuzi walikuwa wamekamatwa kwenye maegesho ya hoteli, mgeni akiwa na tiketi mkononi. Hakuna risasi iliyofyatuliwa.

Kumi na Nne, aliyeingoja habari hiyo pale pale pembeni, alikuwa anafunga mkoba kwenye Yamaha mdogo wake alipopiga simu.

"Kaka, umelipata gari?"

"Nimelipata. Limepona."

"Alhamdulillahi! Yaani alikuwa hataki kabisa kukupigia. Anasema we una kazi nyingi. Mi nikamkazania: mpigie kaka yangu, hao wengine watakuharibia." Akacheka. "Sasa hapokei simu. Amekwambia anarudi saa ngapi?"

"Hakuniambia."

"Haya, nitamsubiri. Asante, kaka."

Akakata simu, akavaa helmeti. Foleni ilikuwa imefunguka. Akaingia barabarani kwa mwendo wa kawaida, akionyesha indiketa.