Sukuma ya Kadii: ya Majini na ya Udongoni

Kila asubuhi, karibu na Kulesa, Kanze alichota maji ya mto Tana, mazito kwa tope. Alizungusha jiwe la shabu ndani ya ndoo. Tope likazama. Juu yakabaki maji safi ya kunywa.

Siku moja binti yake Kadii, wa kidato cha pili, aliomba ndoo nzima.

"Ya nini?"

"Ya mboga ya sukuma, mama. Shule ina shindano la sayansi. Nataka kujua sukuma hustawi wapi zaidi, kwenye udongo au kwenye maji."

Kanze aliitazama ndoo. Mafuriko yaliyopita yalimeza shamba lake lote. Miezi miwili walikula ugali kwa chumvi. Hilo hakuna aliyelisahau.

"Chukua," alisema. "Miche yako ni mgeni, na mgeni hupewa maji safi."

Kadii alipanda miche sita kwenye debe la udongo wa shambani, akaliweka juani. Miche mingine sita aliiweka kwenye mtungi wa plastiki. Alitoboa kifuniko, mizizi ikaning'inia ndani ya maji ya shabu. Mtungi aliuweka kivulini, chini ya paa.

Siku ya kumi, sukuma ya udongoni ilikuwa kijani. Ya majini ilikuwa imegeuka manjano.

Bonaya, mwanafunzi mwenzake, alipita na mbuzi zake. "Kadii! Hayo majani hata mbuzi wangu atayakataa, na yeye hula karatasi!"

Kadii hakucheka.

"Ng'oa, panda mingine," Kanze alinong'ona. "Mwalimu atajuaje?"

Kadii alishika shina la kwanza. Alitaka sana kwenda shindanoni.

"Acha hapo hapo!" Alikuwa Mzee Komora, jirani yao. Ujanani alikuwa akifungua milango ya maji kwenye mradi wa umwagiliaji. "Mpunga wetu ulipokauka, wakubwa waliandika umestawi. Wakapanda magari, wakaenda. Sisi tukabaki na mifereji mikavu. Unataka kuandika kama wao?"

Kadii aliachia shina. "Lakini mzee, imeniaibisha."

"Imekufundisha. Ukipewa maji matupu siku kumi bila ugali, utakuwaje?"

"Nitakonda."

"Basi! Chakula cha mmea kiko kwenye udongo. Mama yako amelizamisha tope, na chakula kimezama nalo."

"Nirudishe tope mtungini?"

"La, litasonga mizizi. Duka la pembejeo mjini Garsen wanauza mbolea ya kilimo cha maji. Pima kama pakiti inavyosema. Maji ya shabu mwachie mama, tumia ya mvua. Usijaze mpaka juu, mizizi nayo hupumua. Funika mtungi kwa gunia jeusi, maji yasiote ukijani. Na kwa nini mtungi uko kivulini na debe liko juani?"

Kadii aliinamisha kichwa.

"Ukilinganisha, badilisha kitu kimoja tu. Jua liwe moja, mbegu moja, umri mmoja."

Kadii alianza upya. Lakini kwanza aliandika daftarini: "Jaribio la kwanza limeshindwa. Kosa ni langu." Kisha alipima miche yote kwa rula kila Jumatatu, wiki sita.

Siku ya shindano, mwamuzi kutoka mbali alifungua daftari. "Mbona umeonyesha na iliyoshindwa?"

"Kwa sababu ilishindwa kweli," Kadii alijibu.

Mwamuzi alikohoa. "Na kati ya sukuma hizi mbili, mshindi ni ipi?"

"Ya majini imezidi kwa sentimita tatu. Lakini hiyo nimeinunulia chakula. Ya udongoni imelishwa na tope la Tana, bure. Mto ukikaa kwake, tutapanda udongoni. Mto ukija kwetu, tutapanda majini."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Bonaya alipiga kelele kuliko wote: "Mbuzi wangu amebadili nia!"

Mvua za mwaka uliofuata zilikuja kwa hasira. Mto ukapanda mpaka mashambani. Lakini juu ya kichanja cha mbao, uani kwa Kanze, mitungi ishirini ilikuwa imefunikwa magunia meusi. Sukuma ilikuwa imetanda. Majirani walishachuma mara mbili.

Wakaja wageni na fomu. Wageni wa fomu tunawajua. Wamepima udongo wetu, maji yetu, hata unene wa mikono ya watoto wetu. Majibu hatujayaona mpaka leo.

"Mama, tumekuja kupima hali ya chakula," mmoja alisema.

Kanze alimsogezea kigoda. Alijifuta mikono kwenye leso, akainua kichwa.

"Karibu, keti. Hapa tumeshapima wenyewe. Kadii! Leta daftari, wageni wapate kunakili."