Fomu ya Uhai ya Babu Norman

Kila asubuhi nyumbani kwetu Benicarra huanza na birika. Baba yangu, mzee Norman Ollerton, huamka kabla yetu sote. Huweka chai ya maziwa mezani, huchoma mkate na kuupaka jemu ya machungwa, kisha hufungua redio asikilize habari za Uingereza, hasa za mvua. Akisikia kwamba kwao Grimsby kunanyesha, hucheka peke yake. Ameishi Hispania miaka kumi na minne, na bado furaha yake kubwa ni kusikia wenzake wameloa.

Mimi na binti yangu Kirsty tulihamia kwake mama yangu alipofariki. Kazi yangu ni kusafisha nyumba za wageni, na wageni huja wakati wa joto tu. Kwa hiyo kodi ya nyumba, umeme na chakula vilitegemea pensheni ya Baba, inayotoka Uingereza kila baada ya wiki nne. Kirsty ana miaka kumi na moja. Amesoma shule ya hapa tangu darasa la kwanza, na Kihispania kinamtoka kama maji. Kihispania changu mimi ni cha ndoo na fagio. Cha Baba ni cha kuagiza chai, naye huletewa kahawa. Basi popote tuendapo, benki, zahanati au kwa fundi wa bomba, Kirsty ndiye mdomo wetu. Wazee wengi wa Kiingereza mjini hapa huishi hivyo, wakitegemea ulimi wa mjukuu.

Nawaandikia ninyi mnaosoma jambo lililotupata, ili lisiwapate nanyi.

Mwezi wa pili ilikuja fomu. Mstaafu akiishi nchi nyingine, ofisi ya pensheni haina njia ya kujua kama bado anapumua. Kwa hiyo humtumia fomu ya uhakiki. Yeye hutia sahihi yake, na mtu asiye ndugu yake, kama vile daktari, naye hutia sahihi kwamba amemwona kwa macho akiwa hai. Fomu isiporudi katika wiki kumi na sita, fedha husimama. Wazee huiita fomu ya uhai, nao huiogopa kuliko kung'olewa jino.

Baba aliipeleka zahanati siku ya Jumanne, Daktari Remedios akaitia sahihi na muhuri. Alipotoka alikutana na Kirsty akitoka shuleni. Akatumbukiza bahasha katika mkoba wa mtoto, akampa yuro tatu.

"Pitia posta, mjukuu wangu. Nunua stempu uitume. Goti langu limekikataa kile kilima."

"Sawa, Babu," akasema Kirsty.

Yaliyofuata aliniambia mwenyewe baadaye. Alikuwa na rafiki yake Nuria. Karibu na posta kuna mama anayekaanga churro, maandazi membamba yanayochovywa katika chokoleti ya moto, na siku hiyo kulikuwa na baridi.

"Posta haina miguu," Nuria akamwambia. "Kesho utaikuta palepale. Maandazi haya kesho yatakuwa mawe."

Kirsty akazitoa zile yuro tatu. Aliwaza kwamba kesho angechukua fedha kwenye kibweta chake anunue stempu. Wakakaa kwenye benchi, mkoba ukiwa katikati yao. Nuria alipogeuka kumcheka mbwa fulani, kikombe kikapinduka. Chokoleti ikaingia mkobani, ikapita bahasha, ikafika hadi kwenye sahihi ya daktari. Muhuri ukageuka doa.

Hapo, wanangu, kosa lilikuwa bado dogo. Lingetibika kwa maneno matano na machozi kidogo. Lakini Kirsty aliogopa. Akaificha fomu chini ya godoro, akijiambia kwamba atasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Baba hakumuuliza kitu, kwa kuwa alimwamini.

Mwezi wa nne ikaja barua ya pili. Masanduku ya barua ya nyumba zetu zote yako pamoja pale langoni, na kuchukua barua ilikuwa kazi ya Kirsty. Aliiona bahasha, akaitambua. Aliifungua nyuma ya ukuta, akasoma kwamba fomu haijafika na kwamba umebaki muda mfupi tu kabla ya malipo kusimama. Hakusoma hadi mwisho. Aliona herufi zinacheza. Ile nayo ikaenda chini ya godoro. Anasema tangu siku hiyo alilala pembeni kabisa mwa kitanda, kana kwamba pale katikati palikuwa na moto.

Mwezi wa sita Baba alikwenda kwenye mashine ya benki, akarudi mikono mitupu. Akasema, "Watakuwa wamechelewa." Siku ya tatu akapiga simu Uingereza. Alisubiri saa nzima akisikilizishwa muziki, simu mkononi na chai ikipoa. Hatimaye akajibiwa na kijana mpole. Akamwambia kwamba fomu haikurudi na barua ya pili haikujibiwa, kwa hiyo malipo yamesimamishwa.

"Barua ya pili?" akauliza. "Mimi sijaona barua ya pili."

Jirani yetu Bwana Derek, dereva wa malori mstaafu, alikuwa amekuja kuazima ngazi. Akaegemea mlango.

"Kwa hiyo Norman, umekufa. Mbona hukututangazia mazishi?"

"Ningekutangazia ungekuja kula tu," Baba akajibu. Tukacheka.

Jioni ile mezani alimgeukia Kirsty. "Mjukuu wangu, nisaidie kukumbuka. Ile fomu nilikupa wewe, au niliipeleka mwenyewe?"

Alimuuliza kwa upole, mlango wa kusema kweli ukiwa wazi kabisa. Kirsty akatazama sahani yake.

"Hukunipa, Babu. Ulisema utaipeleka mwenyewe."

"Nilisema hivyo?"

"Ndiyo."

Baba akaweka uma chini. "Basi sikumbuki," akasema. "Sikumbuki hata kidogo."

Ili mwelewe hofu iliyoingia nyumbani kwetu, lazima niwaambie juu ya Stanley, kaka yake Baba. Alianza kwa kusahau barua. Kisha akasahau njia ya dukani, kisha majina ya watoto wake, na akafa akimwita mkewe "dada muuguzi". Baba alimwogesha kwa mikono yake. Hakuna kitu duniani alichokiogopa kama hicho.

Tangu jioni ile akaanza kujichunga kama mtu anayemvizia mwizi. Aliandika karatasi akazibandika kabatini: vikombe, chumvi, dawa. Aliandika siku ya juma kiganjani. Asubuhi moja alinikabidhi ufunguo wa gari. "Lorraine, mwanangu, uuze. Nisije nikamgonga mtoto wa watu." Redio hakuifungua tena, maana alisema akisikiliza habari kisha akashindwa kuzikumbuka, atajua ya Stanley yamemfika.

Na mimi nikamsaidia kuogopa. Nasema kweli, kwa aibu. Alipotafuta miwani, nilimtazama kwa jicho la kumpima. Nilianza kufunga gesi kila nitokapo. Nilimpigia dada yangu Maxine kule Grimsby, tukanong'ona juu ya nyumba za kutunzia wazee na bei zake. Kodi ya mwezi wa saba ilikuwa inakuja, na mshahara wangu haukutosha nusu yake.

"Kama amefikia kutupa barua za pensheni," Maxine akasema, "huwezi kumwacha peke yake mchana. Mrudishe huku awekwe mahali."

Kirsty alikuwa mlangoni, amesikia. Nilidhani anamlilia babu yake. Alikuwa hali chakula, na usiku anakojoa kitandani kama mtoto wa miaka mitatu. Nami nilikuwa nimemkodolea macho Baba tu, sikumwona mwanangu.

Tukachukua miadi kwa Daktari Remedios ili Baba apimwe akili. Tuliingia watatu, na Kirsty akaketi katikati, kama kawaida, awe mdomo wetu.

Daktari aliuliza tarehe. Kirsty akatafsiri, Baba akajibu sawa. Akamwambia achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Baba alichora, lakini duara likatoka kama yai. Akamtajia maneno matatu ayakumbuke: meza, punda, limau. Baba aliyarudia chini chini bila kupumzika, kama mtu aliyebeba maji viganjani.

Daktari akavua miwani. Akasema jambo refu kwa Kihispania, akimtazama Kirsty. Kirsty hakutafsiri.

"Anasemaje?" Baba akauliza.

Daktari akarudia polepole. Ndipo Kirsty akatafsiri.

"Anasema... anakumbuka aliitia sahihi fomu yako. Anauliza, ulipotoka hapa siku ile, ulimpa nani?"

Baba akainamisha kichwa. "Mwambie sijui, mjukuu wangu. Mwambie hilo ndilo linaloniogopesha. Natafuta kichwani na sioni kitu. Mwambie kama ni ule ugonjwa wa Stanley, aniambie leo, nisiwe mzigo kwenu."

Maneno hayo yalitakiwa kupita katika kinywa cha Kirsty. Alifungua kinywa. Akasema kwa Kihispania sentensi fupi tu, na hata mimi wa ndoo na fagio niliielewa. Daktari akaweka kalamu mezani.

Kisha Kirsty akamgeukia babu yake. "Ulinipa mimi, Babu. Hujasahau kitu. Mimi ndiye niliyeificha. Zote mbili ziko chini ya godoro."

Nilitaka kusimama. Baba akaninyooshea kiganja, nikakaa.

"Ngoja," akasema. "Ngoja. Ilikuwa Jumanne?"

"Ndiyo, Babu."

"Na wewe ulikuwa na yule rafiki yako mwenye kofia nyekundu."

"Nuria. Ndiyo."

"Nikakwambia goti langu limekikataa kilima."

"Ndiyo."

"Nikakupa yuro tatu."

"Ndiyo, Babu. Tukanunua churro."

Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa kila jibu, kama mtu anayeokota vitu vyake njiani kimoja kimoja. Alipomaliza alifunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kutikisika. Daktari akamletea maji. Baada ya muda Baba akasema kutoka nyuma ya viganja, "Meza. Punda. Limau." Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Daktari Remedios alichapa fomu mpya kutoka kwenye kompyuta yake, Baba akatia sahihi, naye akatia yake na muhuri. Dakika kumi hazikufika. Nilikwenda posta na Kirsty, tukaituma kwa rejesta. Niliwapigia pia watu wa pensheni, wakasema malipo yatarudi pamoja na yale yaliyokwama. Zilipita wiki tano. Tulimbembeleza mwenye nyumba, tukala viazi na maharage ya kopo, na Bwana Derek akatuletea pai za nyama akisema ni za arobaini ya marehemu.

Baba hakumsemesha Kirsty siku mbili. Nikawaacha. Siku ya tatu alimwambia avae viatu, wakaenda klabu ya wazee, kule wanakocheza mchezo wa kuvingirisha mipira kwenye nyasi, maana habari kwamba Norman amepotewa na akili zilikwisha kuenea huko. Kirsty akasimama mbele ya wazee kumi na wawili, akaeleza alichofanya. Sauti ilikatika mara mbili. Babu yake alisimama kando yake mpaka akamaliza.

Waliporudi nyumbani walikaa sebuleni, nami nilikuwa jikoni nikisikia.

"Unajua kilichoniuma?" Baba akamuuliza.

"Fedha, Babu."

"Fedha nilijua zitarudi. Na fomu uliyoimwagia chokoleti, ungekuja nayo siku ileile ningekugombeza kidogo, tukarudi kwa daktari, basi. Lakini nilikuuliza, Kirsty, ukanitazama ukaniambia sikukupa. Mimi nikakuamini wewe, nikaacha kujiamini mwenyewe. Uliona nikibandika karatasi kabatini ukanyamaza. Mwongo haibi fedha tu. Mimi uliniibia kichwa changu, nikawa natembea nyumbani mwangu kama mgeni."

"Niliogopa, Babu."

"Najua uliogopa. Hata mimi niliogopa. Tofauti ni kwamba hofu yako ilikuwa ya kugombezwa, na ungeimaliza kwa kusema. Yangu hukunipa namna ya kuimaliza."

Kirsty akalia, na safari hii babu yake akamvuta ubavuni.

Ninyi mnaosoma, mkikosea, semeni siku ileile, hata kama mikono inatetemeka. Na mtu akikuuliza kwa upole, usidhani upole wake ni mwanya wa kupitishia uongo. Anakufungulia mlango utoke. Na sisi wazazi, tusikimbilie kusema mzee amechanganyikiwa kabla hatujageuza magodoro ya nyumba zetu. Mimi sasa, Baba akisahau miwani, humtafutia bila kusema neno, naye huniambia, "Lorraine, usiniangalie hivyo, ni miwani tu."